Kabureta Inayovuja kwenye Pikipiki ya Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamefuata kabureta ya Honda CG125, pikipiki iliyoingia sokoni mwaka 1976, pamoja na nakala zake za Kichina ambazo zimejaa barabarani mwetu tangu miaka ya 2000 na ambazo kabureta zake nyingi zimegongwa alama ya PZ26 au PZ27 ubavuni. Mwenye pikipiki nyingine ya zamani inayopokea mafuta kwa kuteremka tu kutoka kwenye tangi, bila pampu, atakuta sehemu kubwa ya maelezo inamhusu pia.

Mafuta yanadondoka chini ya kabureta. Nianzie wapi?

Funga koki ya tangi kwanza, kisha ujizuie kufungua chochote kwa dakika chache. Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ni mtu kuvua bakuli la kabureta (kile kikombe cha chini kinachoshika mafuta) kabla hajajua tone linatokea wapi, na bakuli likishavuliwa ushahidi wote huwa umemwagika pamoja na mafuta. Petroli hutambaa: inaweza kutokea kwenye kiungo cha mpira ulio juu, ikateremka ubavuni mwa kabureta, ikakusanyika kwenye skrubu ya chini kabisa na kudondokea hapo, na mwenye pikipiki akaapa kwamba skrubu ndiyo mbovu.

Kwa hiyo futa kabureta yote kwa kitambaa kikavu, pamoja na mpira wa mafuta na upande wa chini wa koki, subiri ikauke, tandika gazeti chini ya injini, fungua koki, halafu mulika kwa tochi huku ukipitisha kidole taratibu kutoka juu kwenda chini. (Nimesema tochi; nimewahi kumwona mtu akisogeza kiberiti.) Mahali pa kwanza kidole kinapolowa ndipo penye chanzo. Pakiwa kwenye koki au kwenye mpira uliopasuka mwishoni, kabureta haina kosa, na mpira wenyewe mara nyingi unaweza kukatwa sentimita moja pale ulipochoka na kurudishwa ukiwa na klipu yake. Pakiwa kwenye maungio ya bakuli na mwili wa kabureta, shida ni gasketi, yaani mpira unaoziba maungio hayo. Pakiwa kwenye mpira mwembamba unaoning'inia chini ya bakuli, soma maswali yanayofuata kwa utulivu, kwa sababu hapo ndipo watu hupoteza fedha.

Ule mpira mwembamba wa chini ni wa nini, na kwa nini utoe mafuta?

Kabureta hufanya kazi kama tangi la maji la nyumbani. Maji yakijaa, floti huinuka na kuziba bomba. Floti ikigoma, maji humwagika kupitia bomba la ziada lililotobolewa karibu na mdomo wa tangi, ili yasije yakafurika juu ya dari. Ndani ya bakuli la kabureta kuna boya, ambalo mafundi wengi huliita floti vilevile, na juu yake kuna sindano ndogo yenye ncha ya mpira inayosukumwa kwenye kiti chake cha shaba kila mafuta yanapofika kiwango kilichokusudiwa. Sindano isipoziba, mafuta huendelea kupanda hadi yafike mdomo wa kibomba cha shaba kilichosimama ndani ya bakuli, yakaingia humo na kutokea kwenye ule mpira wa chini.

Mpira huo ukitoa mafuta unatimiza wajibu wake. Waliouziba kwa kijiti au kwa skrubu ili "kukomesha" uvujaji hawakukomesha kitu: mafuta yale yale hugeuza njia, ama kuelekea kwenye kichujio cha hewa ama kuingia ndani ya injini, na huko madhara yake ni makubwa kuliko doa sakafuni.

Kuna jambo moja la kuangalia kabla ya kulaumu sindano. Katika kabureta nyingi za aina hii, skrubu ya kumwagia mafuta ya bakuli hutolea kwenye mpira huo huo. Ikiwa imelegea, au ncha yake ina mchanga, mafuta yatadondoka taratibu ijapokuwa sindano na boya ni vizima. Ilegeze kidogo, acha mafuta yasukume taka kwa sekunde mbili tatu, kisha ikaze kwa mkono wa kiasi. Bakuli ni la aloi laini, na meno yake hayavumilii nguvu za spana.

Nitajuaje kama kosa ni la sindano, la boya, au ni uchafu tu?

Anza na uchafu, kwa kuwa ndio unaopatikana zaidi na hautaki kununua kitu. Pikipiki inayojazwa petroli ya chupa za maji kando ya barabara, au ambayo tangi lake limeanza kuota kutu ndani, hupeleka chembe ndogo hadi kwenye kiti cha sindano, na chembe moja isiyozidi punje ya chumvi inatosha kuizuia sindano isikae sawa. Dalili yake ni uvujaji unaokuja na kuondoka: leo inamwaga, kesho haimwagi, na ukigonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi inakoma.

Ukifungua bakuli, vuta kipini kinachoshikilia boya, kwa uangalifu, kwa maana nguzo zake huvunjika na zikivunjika mwili wote wa kabureta umekwisha. Sindano itatoka pamoja na boya. Itazame ncha yake mwangani. Sindano nzima ina koni laini isiyo na alama; iliyochoka ina mfereji mwembamba uliozunguka koni, kama alama ya pete kwenye kidole. Ukiuhisi mfereji huo kwa ukucha, sindano ibadilishwe bila kuipigia hesabu. Bonyeza pia kipini kidogo kilicho mkiani mwake: kiwe kinarudi chenyewe kwa springi, kisikwame.

Kiti nacho kinahitaji kutazamwa, ijapokuwa seti nyingi za vipuri vya kabureta zinazouzwa madukani (mafundi huziita "ripea kiti") haziji nacho kwa sababu kwenye kabureta hizi kimeshindiliwa ndani ya mwili na hakifunguki. Kikiwa na ukungu wa kijani au utando wa mafuta yaliyoganda, chukua kijiti chenye pamba, kitie tone la dawa ya kung'arishia shaba, kizungushe ndani ya kiti kwa vidole hadi kiwe kinang'aa, kisha osha kwa petroli safi na upulize. Msasa usiingie humo. Msasa huacha mikwaruzo, na kila mkwaruzo ni mfereji wa mafuta.

Boya la shaba hupimwa kwa sikio: litikise karibu na sikio, na ukisikia mafuta yakicheza ndani limetoboka. Ili upate tundu, lizamishe kwenye maji ya moto yaliyoepuliwa, mbali kabisa na jiko, na utaona viputo. Linaweza kuchomelewa kwa risasi, lakini risasi ina uzito, na boya zito hukaa chini zaidi kwenye mafuta na hivyo kuchelewa kufunga. Risasi iwe kidogo kadiri inavyowezekana, au ununue boya jingine. Boya la plastiki halichomelewi. Likielea kombo ndani ya kikombe cha petroli, tafuta jipya.

Nimebadilisha sindano, nimebadilisha boya, na bado mpira wa chini unadondosha. Je, kabureta imekufa?

Huenda ni kile kibomba cha shaba kilichosimama ndani ya bakuli. Nalisema hili kwa uchungu kidogo, kwani miaka mingi iliyopita niliwahi kumbadilishia mteja sindano mara mbili katika wiki moja, na kumlipisha mara zote mbili, kabla ya kugundua kwamba kibomba chake kilikuwa na ufa wa wima mwembamba kama unywele. Mafuta hayakuwa yamezidi kiwango hata kidogo. Yalikuwa yakipenya ufani na kutoka chini kwa amani kabisa.

Kukipima ni rahisi na hakuhitaji chombo chochote. Vua bakuli, kaza skrubu ya kumwagia, liweke sawa juu ya mikono miwili au vipande viwili vya ubao ili chini yake paonekane, na ulijaze petroli hadi milimita chache chini ya mdomo wa kibomba. Subiri dakika kumi. Kukiwa na tone chini, na skrubu ni kavu, ufa umepatikana. Wakati mwingine hauko kwenye kibomba chenyewe bali kwenye kitako chake, pale kilipogongelewa kwenye aloi, hasa kama bakuli limewahi kugongwa na jiwe.

Dawa ya uhakika ni bakuli jingine, na kwa fundi mwenye mkono mwepesi kuchomelea risasi kwenye ufa baada ya kuosha na kukausha mafuta yote. Gundi nyingi za kuchanganya huishia kulainika ndani ya petroli. Sizikatazi, lakini sizitumii.

Kiwango cha boya kinapimwaje?

Kila kabureta ina kipimo chake, na kipimo hicho huandikwa kwenye kitabu cha pikipiki kwa milimita, kuanzia uso wa mwili pale gasketi inapokaa hadi upande wa juu wa boya, kabureta ikiwa imepinduliwa. Kipinduliwacho kilazwe kidogo, kisisimame kichwa chini moja kwa moja, ili ulimi wa boya uguse kipini cha sindano bila kukibonyeza. Anayepima huku springi imebonyea hupata jibu la uongo na kushangaa baadaye. Boya la shaba lina ulimi unaopindwa kwa koleo ndogo, na milimita moja pale ni nyingi. Katika maboya mengi ya plastiki, ulimi umeumbwa pamoja na boya lenyewe, haupindwi, na ukilazimishwa hukatika: kiwango kikikataa kwenye boya la namna hiyo, sindano uliyouziwa si ya urefu wake.

Kwa nini inavuja ikiwa kwenye stendi ya pembeni tu, au nikijaza tangi tu, au juani tu?

Stendi ya pembeni huilaza pikipiki kushoto, boya hukaa upande, na sindano ambayo tayari imechoka hukosa nguvu ile ndogo iliyokuwa ikiiwezesha kufunga. Tangi likijaa, kina cha mafuta juu ya sindano huongezeka, kwa hiyo msukumo unaopaswa kuzuiwa na boya lile lile huongezeka pia. Ndiyo maana mtu huamini kwamba petroli ya kituo fulani ndiyo iliyomharibia kabureta, kumbe alikuwa amezoea kuweka ya elfu tano na siku hiyo alijaza. Hali zote mbili ni onyo la mapema kwamba sindano inaelekea ukingoni.

La juani ni tofauti kidogo. Kifuniko cha tangi kina tundu dogo la kupumulia, na likizibwa na vumbi, mvuke wa petroli iliyopashwa na jua la Dodoma hukosa pa kutokea na kuyasukuma mafuta chini kuipita sindano hata iliyo nzima. Fungua kifuniko: ukisikia pumzi ikitoka kwa kishindo, safisha tundu hilo kabla ya kugusa kabureta.

Ninaweza kuziba maungio ya bakuli kwa silikoni?

Hapana. Silikoni ya kawaida ya gereji huvimba na kuchambuka ndani ya petroli, na vipande vyake huenda kuziba jeti ndogo (kitundu chembamba kinachopitisha mafuta kwa kipimo), ukawa umeondoa ugonjwa mmoja na kuleta wa pili ulio mgumu zaidi kuupata. Gasketi ya bakuli katika kabureta nyingi ni uzi wa mpira unaokaa mferejini, nao una tabia ambayo humchanganya anayeufungua mara ya kwanza: ukitolewa huwa umevimba kwa petroli na haurudi tena mferejini, kana kwamba ni wa kabureta nyingine. Uache juu ya kitambaa kivulini hadi kesho yake na mara nyingi utanywea na kurudi kwenye saizi yake. Ukibaki mgumu, bapa au wenye nyufa, nunua mwingine.

Sabuni ya mche ambayo wazee wetu walipaka kwenye tangi lililotoboka ni jambo lingine. Haiyeyuki katika petroli, na kwa tundu la tangi inaweza kukufikisha nyumbani. Kwenye bakuli la kabureta haina kazi.

Nje hakuna tone, lakini oili imeongezeka na inanuka petroli. Inahusiana?

Inahusiana, na hili ndilo swali ninalotamani liulizwe mapema zaidi. Njia ya nje ikiziba, au kabureta ikiwa imefungwa kwa mwinamo mbaya, mafuta yanayozidi hupita kwenye valvu ya kuingizia iliyo wazi, hushuka kando ya ringi za pistoni na kuingia kwenye oili. Fungua kifuniko chenye kijiti cha kupimia, kinuse, kisha sugua oili kati ya vidole viwili. Oili iliyochanganyika na petroli huwa nyepesi kama maji na harufu yake haihitaji mtaalamu. Usiiwashe pikipiki hiyo hata kwa majaribio, kwa kuwa oili ya namna hiyo haishikilii beringi. Tengeneza kwanza uvujaji, kisha mwaga oili yote, ambayo kwa CG125 ni takriban lita moja, na utie mpya.

Kiki ikigoma kushuka kabisa asubuhi, usiirukie kwa uzito wa mwili wote. Inawezekana silinda imejaa petroli, na petroli haibanwi kama hewa. Kinachopinda ni chuma. Zima swichi, toa plagi, weka waya wake mbali na tundu la plagi, kisha piga kiki taratibu mara kadhaa, ukijua kwamba mafuta yatarushwa nje.

Ni tone moja moja tu. Kuna haraka gani?

Tuseme matone ishirini ya petroli ni mililita moja. Tone moja kila sekunde ni mililita 180 kwa saa, na kwa usiku wa saa kumi ni lita 1.8. Hiyo ni hesabu ya mfuko.

Hesabu nyingine ni ya uhai. Madereva wengi wa bodaboda hulaza pikipiki chumbani kwa kuogopa wezi, na sina la kuwalaumu. Lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni bila kuonekana, hupita chini ya mlango na kulifikia jiko la mkaa au la gesi la chumba cha pili, na petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya chini sana ya nyuzi sifuri. Pikipiki inayovuja isilale ndani. Ikibidi ilale, funga koki, mwaga mafuta ya bakuli nje ya nyumba, na hakikisha kwanza kwamba koki yenyewe inafunga: vua mpira kwenye kabureta, utumbukize kwenye chupa na uangalie kwa dakika tano. Koki nyingi za umri huo hazifungi tena, na mwenye pikipiki huwa hajui kwa miaka.

Nimekwama njiani, fundi yuko mbali. Nifanye nini?

Funga koki, acha injini ipoe, gonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi, kisha legeza skrubu ya kumwagia, fungua koki kwa sekunde chache ili mafuta yapite kwa kasi na kuosha kiti, kaza, na usubiri. Mara nyingi chembe huondoka. Isipoondoka, unaweza kujaza bakuli, kufunga koki na kuendesha hadi yaishe, lakini hatua hiyo haizidi kilomita chache, na si ya kufanywa ukiwa na abiria.

Ninunue kabureta mpya?

Nunua endapo nguzo za boya zimevunjika, kiti kimeliwa, au pistoni ya kabureta (kipande kinachopanda na kushuka ndani yake unapoongeza au kupunguza mwendo) inacheza ndani ya nyumba yake hadi injini haitulii. Vinginevyo kabureta ya zamani ya Keihin, kampuni ya Kijapani, iliyosafishwa vizuri huishinda nakala nyingi za bei nafuu, ambazo nimezikuta zikivuja siku ile ile zilipotolewa kwenye boksi, ama kwa sababu ya kiwango cha boya kisichopimwa kiwandani ama kwa mabaki ya chuma kwenye kiti. Ukinunua nakala, ifungue na uipime kabla ya kuifunga kwenye injini. Kubadilisha kabureta ni kazi ya nusu saa. Ndiyo maana gereji nyingi hupenda kukushauri hivyo.

Nikishatengeneza, nijaribuje?

Kabla ya kurudisha kabureta kwenye injini, iunganishe na tangi kwa mpira wake, ishikilie ikiwa wima juu ya sufuria kavu, fungua koki na uiache kwa dakika kumi na tano. Tone likionekana hapo, umejiokolea usumbufu wa kufungua nati mbili za spana namba 10 kwa mara ya pili. Ikiwa kavu, ifunge, hakikisha mfereji wa pistoni umeingia kwenye pini yake kabla ya kukaza kifuniko cha juu, jaza tangi, na uiegeshe uani kwenye stendi ya pembeni, koki ikiwa wazi, na gazeti jipya chini yake kwa saa moja au mbili wewe ukiwa karibu. Gazeti lisikuonyeshe duara lolote, hata la ukubwa wa sarafu.